Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na mafuriko ya Jangwani

Masika yakija na bonde la Jangwani, Dar es Salaam, likafurika, wanaochoronga miamba ya pwani kusoma tabianchi ya kale hurudishiwa hoja ile ile kwenye vijiwe vya kahawa: jiji linataka mifereji, ninyi mnatuletea habari za miaka milioni 34 iliyopita! Hoja ina uzito. Miamba mashapo, yaani tope la kale lililogeuka mwamba, haitabiri mvua ya Ijumaa, na kuchoronga si bei ya chai. Mkazi wa bondeni anataka mtaro uzibuliwe, basi.

Ila kuna jambo linalosahaulika. Kwa miaka mingi joto la bahari za kale lilipimwa kwa foraminifera, viumbe wadogo kama punje ya mchanga, ambao vigamba vyao hujikusanya chini ya bahari. Vigamba kutoka vilindini vilidai kwamba bahari za tropiki zilikuwa za ubaridi, huku kwenye ncha za dunia kukiwa na joto. Hesabu ikagoma, na modeli za tabianchi, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa ya dunia, zikaanza kushukiwa. Kumbe shahidi ndiye aliyeharibika: vigamba vilikuwa vimejiunda upya kwenye ubaridi wa kilindini. Vile vya udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, usiopitisha maji, vilibaki salama. Chini ya darubini vinang'aa kama kioo. Utafiti wa 2001 uliovitumia ukaonyesha bahari ya nyuzi 28 hadi 32. Aliyewahi kuloweka miguu Coco Beach hashangai.

Namba inayoninyima usingizi ilikuja 2009, tena kutoka sampuli za Tanzania. Barafu ya Antaktika ilipoanza kutanda, ile miaka milioni 34 iliyopita, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 750 kwa kila sehemu milioni za hewa. Leo tumepita 420. Wapo wanaopumua: bado mbali! Sina hakika na faraja hiyo. Makadirio ya kale yana kosa lake pana, hapo wapinzani wako sahihi; lakini barafu inaweza kuanza kuyeyuka kabla ya kufika kiwango kile kile ilichozaliwa nacho. Na mabadiliko yale yalichukua mamia ya maelfu ya miaka, ilhali sisi tumetoka 280 hadi hapa tulipo tangu viwanda vianze, juzi tu kwa saa ya mwamba.

Mtaro uzibuliwe, sibishi. Ila mhandisi wa ukuta wa bahari pale Ocean Road lazima aulize maji yatapanda kiasi gani, na modeli za barafu zitakazomjibu hupimwa kwanza kwa mashapo kama haya.