Mfalme John aliponzwa na daftari la madeni

Ukatili wa Mfalme John wa Uingereza (1199–1216) si hadithi ya kutungwa, lakini kwa maoni yangu kilichomponza ni namna alivyodai pesa.

Alipopokonywa Normandy, eneo lake kaskazini mwa Ufaransa, na mfalme wa Ufaransa mwaka 1204, alitumia miaka kumi akisaka fedha za kuirudisha. Kabaila aliyepaswa kumpelekea mashujaa wa farasi vitani aliweza kulipa kodi ya ngao badala yake. Mwaka 1214 John alidai marki 3 kwa kila shujaa. Marki haikuwa sarafu bali kipimo cha hesabu: shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili ya pauni. Mwenye kudaiwa mashujaa 60 alitakiwa kutoa pauni 120.

Hiyo ilivumilika kwa shida. Balaa lilikuwa kwenye urithi. Pauni 100 ndiyo iliyohesabiwa kuwa ada ya haki kwa mrithi wa kabaila, ila mfalme hakubanwa na sheria yoyote. Nicholas de Stuteville alitozwa marki 10,000, zaidi ya pauni 6,600! Deni la namna hiyo halilipiki, na ndiyo ilikuwa shabaha. Ukiwa mtiifu, unalipa kidogo kidogo. Ukimuudhi, linaitishwa lote na ardhi inakwenda.

Julai 1214 washirika wake walichapwa na Mfaransa huko Bouvines, pesa zote zikaenda na maji. Mwaka uliofuata, huko Runnymede, akabandika lakiri yake kwenye Magna Carta, mkataba wa kumbana mfalme alioshinikizwa na makabaila walioasi. Watu hukimbilia kifungu cha 39 cha haki mahakamani. Mimi naanza na cha 2: ada ya urithi, pauni 100, basi. Cha 61 ndicho kilichoua mapatano, maana kiliwapa makabaila 25 ruhusa ya kuteka ngome za mfalme akikiuka. Mfalme gani angekubali? Agosti hiyohiyo Papa akaubatilisha mkataba.

Vita kati yake na makabaila vikaanza. Akiizingira ngome ya Rochester iliyoshikwa na waasi, John alichimba handaki chini ya pembe ya mnara, akaliegemeza kwa magogo, kisha akaagiza nguruwe 40 wanono, wale wasiofaa kuliwa, mafuta yao yachochee moto. Magogo yakaungua, pembe ikaporomoka. Waliomo wakajibanza nyuma ya ukuta wa kati hadi njaa ikawatoa, 30 Novemba 1215. Pembe tatu za mnara ule bado ni za mraba. Ya nne, iliyojengwa upya, ni ya duara.