Dawa imo kwenye kitenzi

Katika karne ya 4, huko China, Ge Hong aliandika kitabu cha tiba za dharura, na kwenye sehemu ya homa za vipindi (za namna ya malaria) akaweka agizo fupi: konzi moja ya qinghao, mmea wa dawa, maji sheng mbili (kipimo cha ujazo), loweka, kamua upate maji yake, unywe yote. Basi. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye agizo hilo likasaidia kupatikana kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Tangu hapo, kila anayetaka kusifia utafiti unaounganisha fani huutaja mfano huu: msomaji wa maandiko ya kale kakutana na mkemia, mkemia kakutana na daktari, mambo yakanyooka.

Hayakunyooka kirahisi hivyo, na hapo ndipo penye somo. Fani zinapokutana, wazo husafiri vizuri tu. Kinachodondoka njiani ni masharti ya kazi: joto, muda, sehemu ya mmea, ujazo, na zaidi ya yote kitenzi. Kila fani humkabidhi jirani matokeo, masharti ikayafungia kabatini. Halafu jirani anarudia kazi, haipati, na mmea unatangazwa kuwa hauna kitu.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Tu Youyou alikabidhiwa kundi la utafiti mjini Beijing mwaka 1969, chini ya Mradi 523, mradi wa China wa kutafuta dawa ya malaria ulioanza mwaka 1967. Walikusanya maagizo zaidi ya 2,000 ya tiba za asili na kujaribu viziduo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200. (Kiziduo ni kile kinachobaki kiyeyusho, yaani kimiminika cha kutolea dawa kwenye mmea, kikishapita kwenye majani na kukaushwa.) Qinghao ilikuwemo, lakini matokeo yake yalipanda na kushuka bila mpangilio. Andiko la Ge Hong liliposomwa upya, likaonekana jambo ambalo macho yaliyozoea kusoma "chemsha" yalikuwa yamelipita: hakuna moto. Kundi likahamia kwenye etha, kiyeyusho ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za selsiasi, kisha likaosha kiziduo kwa alkali ili kuondoa sehemu ya asidi, iliyokuwa na sumu na isiyotibu. Sehemu iliyobaki, sampuli namba 191, ilijaribiwa tarehe 4 Oktoba 1971 na ikafuta vimelea kwa asilimia 100 katika panya.

Wengi huishia hapo: moto uliharibu dawa, baridi ikaiokoa. Mimi sikubali kwamba hadithi imekwisha. Artemisinini safi hustahimili joto na huyeyuka kutoka kigumu kuwa kimiminika kwenye nyuzi 156 hivi tu, na chai ya moto ya majani hayo hutoa kiasi fulani cha dawa. Tatizo la pili lilikuwa maji yenyewe, kwa kuwa molekuli hii huyeyuka ndani yake kwa shida sana, ilhali kwenye etha huyeyuka vizuri. Kwa hiyo aliyetoka kwenye maji yanayochemka kwenda kwenye etha baridi alibadilisha mambo mawili kwa mpigo, joto na kiyeyusho, na hawezi kusema ni lipi lililofanya kazi mpaka ajaribu kila moja peke yake. Ukimsimamia mwanafunzi anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja, mrudishe maabara hata kama matokeo yake yanang'aa.

Sasa angalia: Ge Hong hakuwa na etha. Alikuwa na maji. Yake yalifanyaje kazi? Jibu linaelekea kwenye kitenzi cha pili, kile ambacho wachache hukitilia maanani: kamua. Artemisinini hukaa kwenye vijitezi vidogo juu ya uso wa jani, pamoja na mafuta ya mmea. Ukisonga majani mabichi kwa nguvu, vijitezi hupasuka, na maji yanayotoka ni mchanganyiko wa majimaji na mafuta, uwezao kubeba dawa ambayo maji matupu yangeiacha nyuma. Kuloweka majani makavu na kuyachuja kwa kitambaa ni kazi nyingine kabisa. Mtu wa lugha aliyekaa na neno hilo angeuliza mapema: nani hukamua jani kavu?

Kipimo nacho kina mtego wake. Sheng ya zama za Ge Hong ilikuwa kama mililita 200. Sheng ya China ya leo ni lita moja kamili. Zipo tafsiri za Kiingereza zilizoandika "lita mbili", na msomaji wa maabara anaichukua ilivyo. Badala ya mililita 400 anatumia 2,000, anapata maji mepesi mara tano, kisha anaandika kwamba njia ya kale ni dhaifu. Hakuna kifaa cha maabara kitakachoonyesha kosa hilo. Linaonekana kwa anayejua historia ya vipimo tu.

Jina la mmea ndilo linaloua tafiti nyingi zaidi. Kwenye botania ya Kichina ya leo, qinghao ni jina la Artemisia carvifolia, ambayo haina artemisinini ya maana. Yenye dawa, Artemisia annua, inaitwa huanghuahao. Shen Kuo, mwandishi wa zama za Song, alishasema karne nyingi zilizopita kwamba qinghao ziko za aina mbili. Anayenunua gunia lililoandikwa qinghao bila kutazama ua na jani anacheza bahati nasibu. Kinga ya kosa hilo ni kazi ya mikono, wala si ghali: kata tawi lenye maua, lisindike kati ya karatasi mpaka likauke, libandike, andika mahali, tarehe na mkusanyaji, lipeleke kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) lipewe namba, na namba hiyo uiweke kwenye makala. Picha ya simu haitoshi, kwa kuwa hakuna anayeweza kurudi kupasua ua lililo kwenye picha.

Na hata spishi ikiwa sahihi, jani kavu la Artemisia annua linaweza kuwa na artemisinini chini ya asilimia 0.1 au kupita asilimia 1, kutegemea mbegu, udongo na wakati wa kuvuna. Kiwango huwa juu mmea unapokaribia au unapoanza kutoa maua. Shina halina kitu cha maana. Ukisaga mti mzima pamoja na vijiti umejipunguzia mwenyewe.

Kwenye benchi la kemia, kosa la kawaida ni kutafuta kwa taa isiyoona. Artemisinini, C15H22O5, haina kundi la atomu linalonyonya vizuri mwanga wa urujuanimno. Ukiweka bamba la kromatografia (njia ya kutenganisha kampaundi) chini ya taa ya nanomita 254, doa lake halionekani. Nyunyizia anisaldehidi iliyochanganywa na asidi ya salfuriki, pasha moto bamba, ndipo doa hutokea na rangi. Ni vivyo hivyo kwa mashine kubwa za kromatografia: kigunduzi kikiachwa kwenye 254 kwa mazoea, grafu hunyooka kama uzi na mtu akaandika "haikugunduliwa". Unahitaji karibu nanomita 210, ambako karibu kila kitu kingine nacho hunyonya, au kigunduzi cha masi, au uibadilishe kwanza kwa sodiamu haidroksaidi kisha asidi, ipatikane kampaundi inayonyonya kwenye nanomita 260. "Haikugunduliwa" bila kutaja kigunduzi ni sentensi isiyo na maana, na wahariri wanaoiachia wana lawama yao.

Kwenye kupima sumu ya kiziduo kwa seli, mambo mawili. La kwanza ni DMSO, kiyeyusho kinachotumika kuyeyusha viziduo vigumu. Ukitengeneza akiba (mchanganyiko mzito wa kupunguzwa baadaye) ya miligramu 10 kwa mililita na unataka kufika mikrogramu 100 kwa mililita, utapunguza mara 100, na kisima, yaani kishimo cha kukuzia seli, kitakuwa na DMSO asilimia 1, kiwango ambacho peke yake kinaweza kuumiza seli. Tengeneza akiba ya miligramu 100 kwa mililita, punguza mara 1,000, unabaki na asilimia 0.1. Visima vya kulinganishia vipewe DMSO ileile. La pili ni kipimo cha MTT, ile chumvi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Viziduo vyenye polifenoli (kampaundi za kawaida za mimea) huweza kuigeuza vyenyewe, bila seli yoyote. Seli zinaweza kuwa zimekufa zote na kisima kikang'aa zambarau. Weka visima vyenye kiziduo na MTT bila seli. Vikipata rangi, osha kiziduo kabla ya kuongeza MTT au tumia kipimo kingine. Nikikuta makala isiyotaja visima hivyo, jedwali lake la sumu silitegemei.

Daktari naye ana sharti lake ambalo mkemia husahau kuuliza: dawa hukaa mwilini muda gani? Artemisinini hupungua kwa nusu kwenye damu kila baada ya saa 2 hadi 3 hivi, na ikitumika siku mfululizo huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja, hivyo dozi za mwisho hufika kwenye damu zikiwa dhaifu kuliko ya kwanza. Inashusha vimelea kwa kasi, lakini ikitumiwa peke yake kwa siku chache, malaria hurudi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka jamii hii ya dawa itumike pamoja na dawa nyingine inayokaa mwilini muda mrefu, kwa kawaida kwa siku 3. Sharti hilo haliwezi kusomwa kwenye jani wala kwenye grafu, na ndilo linalofanya kikombe cha chai ya majani kisiwe tiba hata kama kina artemisinini ndani.

Uhandisi huingizwa mwishoni, kama fundi wa kupaka rangi nyumba iliyokwisha. Mwaka 1973, vidonge vya kwanza vya artemisinini vilipopelekwa kwa wagonjwa, matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa. Molekuli ilikuwa ileile. Ilipochunguzwa, ikaonekana vidonge havikuwa vikisambaratika tumboni: vilikuwa vimeshindiliwa kwa mashine kuukuu, tena kwa mchanganyiko usiofaa. Dawa safi ikajazwa kwenye kapsuli, wagonjwa wakapona. Fikiria uamuzi ungekuwaje kama nguvu ya mashine isingehojiwa. Kipimo cha kulijua jambo hili ni rahisi mno: vidonge 6 kwenye maji ya nyuzi 37, vikipandishwa na kushushwa kwenye kikapu cha wavu, kidonge kisicho na gamba kwa kawaida hutakiwa kiwe kimesambaratika ndani ya dakika 15. Kifanywe kabla ya mgonjwa wa kwanza, na tokeo liwekwe kwenye faili la daktari.

Mwanga nao una hesabu zake. Mwaka 2013 ilichapishwa njia ya kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba kutengeneza asidi ya artemisini, malighafi ya artemisinini, gramu 25 kwa lita. Njia mojawapo ya kuigeuza hiyo kuwa artemisinini hutumia oksijeni iliyoamshwa kwa mwanga. Kwenye chupa ndogo kazi huenda. Kwenye pipa, mwanga hunyonywa karibu na ukuta na katikati kunabaki giza; ukizidisha kipenyo mara mbili kwa umbo lilelile, ujazo huongezeka mara 8 na uso mara 4 tu. Kundi la Peter Seeberger wa Taasisi ya Max Planck, Potsdam, mwaka 2012 lilionyesha namna ya kulikwepa tatizo hilo: kupitisha mchanganyiko na gesi ya oksijeni ndani ya mrija mwembamba uliozungushwa kwenye taa. Kwa mrija wa namna hiyo, swali la "chupa ya ukubwa gani" halina maana tena. Unauliza kipenyo cha mrija, kasi ya mtiririko na muda wa kukaa mbele ya taa. Mkemia aliyeandika tu "tuliangazia kwa saa kadhaa" hajamwachia mhandisi chochote.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kikarani, na sioni aibu kuwa la kikarani. Kila sampuli inapohama fani iende na karatasi moja ya makabidhiano: namba ya hebaria, sehemu ya mmea, tarehe ya kuvuna, namna ya kukausha na unyevu uliobaki, uwiano wa majani na kiyeyusho, joto, muda, kitenzi (kutwanga, kuloweka, kukamua, kuchemsha), kigunduzi kilichotumika, na mstari mmoja ambao fomu nyingi hazina: kilichotupwa. Makapi, tabaka la juu, sehemu ya asidi. Neno "kwa mbinu ya kawaida" lisiruhusiwe popote kwenye karatasi hiyo.

Na yule msomaji wa maandiko asiagwe baada ya sura ya kwanza. Kwenye miradi mingi huitwa kutafsiri, akalipwa kwa kurasa, jina lake likawekwa kwenye shukrani. Abaki mpaka kidonge kitoke, akiwa na nakala ya andiko mkononi, maana kemia ikikwama ndiye atakayeweza kusema: hapa imeandikwa kamua, ninyi mmechuja.