Dawa za sonona hazimfanyi mtu zezeta

Mwandishi wa makala kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ameieleza vizuri, lakini pale aliposema dawa zake "humgeuza mtu zezeta" naomba nipinge, maana nimeziona nyumbani kwetu. Dada yangu alipofiwa na mumewe aliacha kula, akaacha hata kusuka nywele. Daktari akamwandikia amitriptilini, mojawapo ya dawa hizo, anameza usiku. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kweli: mdomo mkavu, kikombe cha maji hakimtoki mkononi, asubuhi anaamka mzito kama kapigwa. Na huzuni iko palepale. Hapo ndipo wengi wanapoacha, wakidhani wamedanganywa. Dawa hizi si kama Panadol. Maudhi yake huja mapema, nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine hata 6. Wiki ya 5 nilimkuta jikoni anakuna nazi, redio kaiwasha mwenyewe. Nililia.

Kosa letu lilikuja baadaye. Alipopata nafuu, jirani akamwambia "utazizoea hizo", naye akaacha ghafla. Siku mbili tu: kichefuchefu, jasho, usingizi hakuna. Ule si uteja jamani, mwili unataka dozi ipunguzwe polepole, kwa maelekezo ya daktari.

Halafu vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu sana wiki za mwanzo, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Hilo mwandishi hakuligusa kabisa, na ningemwomba aliongeze.