Mtumishi, unasikiliza saa ngapi?

Ratiba ya Mkristo anayetumika kanisani tunaijua. Jumatano mazoezi ya kwaya, Alhamisi ibada ya nyumbani, Ijumaa mkesha, Jumamosi kamati ya ujenzi na mazoezi tena, Jumapili ibada, kisha kikao cha harusi. Hapo sijataja makundi ya WhatsApp yanayodai michango. Hakuna lililo baya katika orodha hiyo, na ndiyo sababu hatari yake, ya kutumika bila kumsikiliza Mungu, haionekani upesi. Nani atamkemea mtu kwa kuwahi mazoezini?

Luka 10:40 inasema Martha "alikuwa akihangaika kwa utumishi mwingi." Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo kina maana ya kuvutwa huku na huku. Na Martha ndiye aliyemkaribisha Yesu nyumbani. Bwana yuko ndani, mwenyeji hana nafasi ya kumsikia. Tazama pia dalili yake ya kwanza. Ni lawama, wala si uchovu. Analaumu ndugu yake Mariamu kwa kutomsaidia, na anamlaumu Yesu mwenyewe: "huoni vibaya?" Ukijikuta unahesabu nani hakuja zamu ya usafi na nani hajatoa ahadi yake, na moyo unachemka, umefika alipofika Martha.

Yesu naye alikuwa na kazi nyingi. Katika Marko 1 mji wote ulikusanyika mlangoni jioni ile, akaponya wengi. Alfajiri akatoka peke yake kwenda kuomba. Simoni na wenzake wakamfuata: "Watu wote wanakutafuta." Hakurudi, akawaambia waende vijiji vingine. Mimi naamini hapa ndipo pa kujipima. Kama sala zako za mwaka mzima hazijawahi kukufanya ukatae jukumu hata moja, inawezekana unamweleza Mungu ratiba uliyokwisha kuipanga.

Anza kumsikiliza Mungu kwa dakika 15 asubuhi, kabla ya kugusa simu. Tumia Biblia ya karatasi, maana ile ya simu inakaa jirani na ujumbe wa mweka hazina. Kama simu ndiyo inayokuamsha, iache chumba kingine uifuate ukiamka, uizime mlio, uiache hukohuko. Soma mistari 8 hadi 10, si sura tatu, kwa sauti ya chini, mara tatu. Mara ya kwanza uelewe kinachosemwa. Ya pili usimame kwenye neno linalokushika. Ya tatu umjibu Mungu kuhusu neno hilo tu. Dakika 5 za mwisho nyamaza. Mawazo yatakuja: ada, sare za kwaya, gari la msiba. Weka karatasi pembeni, andika neno moja, urudi kwenye ukimya. Ukipigana nayo, dakika zote zitaishia kwenye vita hiyo.

Wahubiri na walimu wa shule ya Jumapili wana mtego wao. Mstari wa tatu haujaisha, tayari wameshapata pointi za somo. Dawa ni kusoma kitabu ambacho hutakifundisha karibuni. Zaburi zinafaa sana. Zaburi 131 ina mistari 3 tu na inatosha wiki nzima.

Wengine huanza na saa nzima. Jumatatu na Jumanne wanaweza, Alhamisi wanashindwa, kisha hatia inawafukuza kabisa. Na aliyetoka mkeshani saa kumi na moja alfajiri alale. Nabii Eliya alipochoka chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji mara mbili, na kati ya hizo akalala tena. Sauti ndogo, ya utulivu, ilikuja baadaye.

Usiku, dakika 10 zinatosha kwa njia aliyoifundisha padri Mkatoliki, Ignasi wa Loyola, katika karne ya 16, na Mprotestanti anaweza kuitumia bila shida. Mshukuru Mungu kwa jambo mahususi la siku hiyo, omba mwanga wa kujiona, pitia siku saa kwa saa, tubu, kisha azimia jambo moja la kesho ukiomba neema yake. Wengi huiruka ile hatua ya mwanga, wakaishia kujihukumu wenyewe, au kujitetea.

Wazee wa kanisa nao wana sehemu yao. Msimpe mtu jukumu la tatu kabla hajaachia moja, hata kama ndiye pekee asiyekataa. Acheni jioni moja kila wiki isiyo na kikao wala mazoezi. Na kamati ya ujenzi ianze kwa dakika 2 za kimya, watu wakiwa wameshakaa, mafaili yamefungwa, badala ya sala ya kufungulia inayosemwa huku wengine wakitafuta viti.