Duke 2025-26: Pointi Zitapatikana, Ila Nani Atashika Mpira Mwishoni?

San Antonio, Aprili 5, 2025, nusu fainali ya NCAA, mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani. Zimebaki sekunde 33 na Duke iko mbele ya Houston, 67-64. Kazi iliyobaki ni ndogo: kuurusha mpira ndani, kumpata mtu anayejua mitupo huru, kungoja faulo. Sion James anarusha, Mylik Wilson wa Houston anaunasa. Wilson anajaribu pointi tatu na kukosa, lakini Joseph Tugler anaudaka hewani na kuusokomeza kikapuni. 67-66. Tyrese Proctor anachezewa faulo na kukosa mtupo wa kwanza. Houston haikuwa imefikisha faulo kumi za kipindi hicho, kwa hiyo Proctor alipaswa kufunga wa kwanza ndipo apewe wa pili. Alipokosa, mpira ukawa wa kugombaniwa. Kwenye kuugombania, Cooper Flagg akaitiwa faulo dhidi ya J'Wan Roberts, na Roberts akafunga yote miwili. Flagg akajaribu mtupo wa kuokoa jahazi, haukufika. Mwisho 70-67.

Duke ilikuwa imeongoza kwa pointi 14 katika kipindi hicho hicho cha pili. Katika dakika kumi na nusu za mwisho ilifunga kikapu kimoja tu cha mchezo wa kawaida, pointi nyingine zote zikiwa za mitupo huru.

Msimu mpya unaanza Novemba 4, 2025 dhidi ya Texas mjini Charlotte, na kila anayeizungumzia Duke anaanza na jina la Cameron Boozer, mgeni wa mwaka wa kwanza. Ni haki yake. Ila swali la timu hii haliko kwenye dakika ambazo Boozer anang'ara. Msimu uliopita Duke ilishinda mechi 35 na kupoteza 4: Kentucky 77-72, Kansas 75-72, Clemson 77-71, na hiyo ya Houston. Jumlisha tofauti zote nne, unapata pointi 17. Hakuna aliyeipiga Duke kwa kuizidi dakika zote 40. Waliivizia mwishoni.

Tuanze na kilichoondoka, maana ni kingi. Wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza walichaguliwa kwenye drafti ya NBA ya Juni 2025, zamu za timu kuchagua wachezaji wapya: Flagg namba 1 kwenda Dallas, Kon Knueppel namba 4 Charlotte, Khaman Maluach namba 10 na kuishia Phoenix, James namba 33 Charlotte, Proctor namba 49 Cleveland. Kwa pamoja walikuwa wakileta pointi 63 kwa mechi. (Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, na kuchezea City Oilers kwenye Ligi ya Kikapu ya Afrika, ndiye aliyewafanya watu wengi wa kwetu waanze kukesha na Duke. Waliobaki sasa watabidi watafute sababu nyingine.) Aliyefunga zaidi kati ya waliobaki ni Isaiah Evans, kwa wastani wa pointi 6.8.

Wenye matumaini wanajibu kwamba Duke imezoea kuhama nyumba kila mwaka. Kocha Jon Scheyer amemaliza misimu mitatu tangu amrithi Mike Krzyzewski mwaka 2022, ana ushindi 89 na vipigo 22, na mataji mawili ya mashindano ya ACC, ligi ya vyuo ambamo Duke inacheza, 2023 na 2025. Kila mwaka alipoteza watu, kila mwaka akarudi na wengine. Safari hii amewapata mapacha Cameron na Cayden Boozer wa Miami, wana wa Carlos Boozer aliyetwaa ubingwa na Duke mwaka 2001, pamoja na Nikolas Khamenia, aliyekuwa kwenye timu ya Marekani iliyotwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 kiangazi cha 2025, na Dame Sarr, Mwitaliano mwenye mita 2.03 aliyetokea Barcelona.

Cameron, mwenye mita 2.06, si Flagg mwingine, na anayemsubiri Flagg mwingine atakosa kumwona huyu alivyo. Flagg alikuwa akikupita kwa kuruka. Boozer anakupita kwa miguu na mabega: anapokea mpira pembeni mwa mstari wa mitupo huru, anageuka, anangoja uamue, kisha anafanya kinyume cha ulichoamua. Rebaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, anazila kwa nafasi kuliko kwa kimo. Jambo linalofurahisha zaidi ni kwamba akishadaka rebaundi hatafuti mlinzi wa kumkabidhi; anauendesha mpira mwenyewe hadi upande wa pili. Hilo peke yake linaweza kuipa Duke vikapu vinne au vitano vyepesi kwa mechi, kabla wapinzani hawajajipanga.

Ukimweka pale, Evans anakuwa hatari mara mbili. Huyu ndiye aliyetoka benchi Desemba 2024 akaipiga Auburn mitupo sita ya pointi tatu ndani ya kipindi cha kwanza, na msimu mzima alifunga zaidi ya asilimia 41 ya mitupo yake ya mbali. Mpinzani akituma watu wawili kwa Boozer, pasi inakwenda kona ya pili na Evans yupo. Asipotuma, Boozer anamla mlinzi wake taratibu. Kwa upande wa kushambulia, wenye matumaini wana hoja nzito, na mimi niko nao.

Ugomvi unaanza Duke inapokuwa haina mpira. Ulinzi wa msimu uliopita ulijengwa juu ya kitu kimoja: karibu kila mtu wa nje alikuwa na mita 1.98 au zaidi, na nyuma yao alisimama Maluach mwenye mita 2.18. Mpinzani akiweka skrini, yaani mwenzake akisimama njiani kumzuia mlinzi, Duke walibadilishana watu bila wasiwasi, kwa sababu kila mmoja aliweza kumkaba yeyote. Aliyefanikiwa kupenya alimkuta Maluach mlangoni.

Mwaka huu mlango utalindwa na Patrick Ngongba, mita 2.11, mwenye mikono mizuri na akili ya pasi, lakini mwenye historia ya maumivu ya mguu tangu sekondari. Nyuma yake yuko Ifeanyi Ufochukwu, Mnigeria aliyehamia kutoka Rice. Hapo ndipo Scheyer atabanwa. Akimchezesha Ngongba pamoja na Boozer, anapata ukuta na rebaundi, ila Ngongba si mtu wa kutupa kutoka mbali, hivyo mlinzi wake atarudi kusimama njiani kwa Boozer na uwanja utajaa. Akimtoa Ngongba, Boozer acheze katikati na Khamenia pembeni yake, uwanja unafunguka kama lango la soko, kwa Duke na kwa wapinzani pia. Sioni jibu moja la msimu mzima. Natabiri ataanza mechi na warefu wawili na kuzimaliza na mmoja.

Halafu kuna kuwindwa. Makocha wa wapinzani watamtafuta mchezaji wao anayekabwa na Boozer na kumtuma aweke skrini, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi Boozer ajikute peke yake mbele ya mlinzi mdogo mwenye kasi. Flagg alilipenda jambo hilo. Boozer bado hajathibitisha. Dawa iko benchi: Maliq Brown wa mwaka wa nne, mwizi wa mipira anayeweza kukaba nafasi zote tano. Tatizo ni bega lake, lililoteguka Machi kwenye mechi ya Georgia Tech, ile ile Flagg aliyoumia kifundo cha mguu. Ongeza kwamba Jai Lucas, msaidizi aliyeshughulikia ulinzi, aliondoka mwezi huo huo kwenda kuwa kocha mkuu wa Miami. Wenye shaka hawatungi hadithi.

Hoja yao ya pili ni ya umri, na ina takwimu. Mara ya mwisho timu iliyotegemea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutwaa ubingwa ilikuwa Duke yenyewe, 2015. Mwaka 2019 ilikuwa na Zion Williamson, RJ Barrett na Cam Reddish. Ikatolewa na Michigan State 68-67, mechi moja kabla ya nusu fainali. Mwaka 2022 ilikuwa na Paolo Banchero. North Carolina ikaimaliza 81-77 kwenye nusu fainali. Florida iliyotwaa taji la 2025 kwa kuifunga Houston 65-63 iliongozwa na walinzi wa mwaka wa mwisho. Na tangu Julai 1, 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, ukomo ukiwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kwa mwaka wa kwanza, kwa hiyo mchezaji mkubwa kwa umri ambaye si wa daraja la juu la NBA ana sababu ya kubaki shuleni. Wakubwa wamezidi kuwa wakubwa.

Duke ililijua hilo. Ilimpata Cedric Coward kutoka Washington State awe mkubwa wa pembeni, lakini alibaki kwenye drafti na kuchaguliwa namba 11. Pengo lake halikuzibwa na mtu wa umri wake, limeachiwa Sarr.

Bado, hoja ya umri hutumika kivivu. Zile timu za 2019 na 2022 hazikushindwa kwa sababu ya vyeti vya kuzaliwa. Zilipoteza mechi za pointi moja na nne, kama hii ya 2025 ilivyopoteza ya pointi tatu. Na James, aliyerusha ile pasi iliyonaswa, alikuwa mwaka wake wa tano chuoni. Proctor alikuwa wa mwaka wa tatu. Umri haukuwaokoa.

Kinachookoa ni mpangilio, na huu unafundishika. Mpinzani akishafunga, anayerusha mpira ana sekunde tano na anaruhusiwa kukimbia kando ya mstari wa nyuma. Wachezaji vijana husahau hilo na kuganda kama nguzo. Kosa la pili ni mpokeaji kukimbilia kona: pale mistari miwili inakuwa walinzi wa ziada, na akishadaka tayari amenaswa. Mpangilio mzuri unataka mmoja aje karibu, mmoja akatize mbele yake kwa skrini, mrefu mwenye pasi asimame katikati ya uwanja, na mmoja akimbie mbali ili kuvuta ulinzi nyuma. Arushaye awe mpigaji pasi. Mtaalamu wa mitupo huru asirushe, apokee. Duke ya sasa ina kitu ambacho ile ya San Antonio haikukitumia vya kutosha: mrefu wa katikati anayeona uwanja wote, yaani Cameron Boozer. Akipokea pale juu ya vichwa vya wanaobana, msako wa mpinzani umekwisha.

Kwa hiyo mtu wa kumtazama ni Caleb Foster. Mwaka wa kwanza alifunga pointi 7.7 kwa mechi na zaidi kidogo ya asilimia 40 ya pointi tatu, kabla mfupa wa kifundo haujapata ufa. Mwaka wa pili alianza vizuri, akapoteza nafasi, akashuka hadi pointi 5. Sasa yuko mwaka wa tatu na ndiye mlinzi pekee aliyeyaona yote. Cayden Boozer atamsukuma. Hapotezi mpira ovyo na anajua ndugu yake anautaka wapi. Lakini mpinzani akikaba uwanja mzima, mwili wa Foster, mita 1.96 na misuli ya mtu mzima, ndio utakaobeba. Foster akiwa yule wa mwaka wa kwanza, Duke inafika Indianapolis Aprili. Akiwa yule wa mwaka wa pili, inaishia nane bora, na nikilazimishwa kuweka dau leo, naliweka hapo.

Ratiba haitaficha kitu. ACC imepunguza mechi zake kutoka 20 hadi 18, na msimu uliopita ligi hiyo ilipeleka timu nne tu kwenye NCAA, hivyo rekodi ya 19-1 ndani yake ilipendeza kuliko ilivyofundisha. Scheyer amejaza nafasi kwa miamba: Kansas mjini New York Novemba 18, Arkansas mjini Chicago Novemba 27, Michigan State ugenini Desemba 6, Texas Tech Desemba 20, Michigan mjini Washington Februari 21. Nafasi ya sita kwenye orodha ya ubora ya shirika la habari la AP ya kabla ya msimu ni ya haki. Kabla ya Krismasi itakuwa ya tatu au ya kumi na tano.

Kama una usiku mmoja tu wa kukesha, chagua Desemba 2, Florida wanapokuja Cameron Indoor, uwanja wa Duke mjini Durham. Kuanzia Novemba 2 tofauti ya saa na pwani yetu ni nane, hivyo mechi ya saa 1 jioni Durham ni saa 9 usiku Dar na Nairobi. Florida wamebaki na warefu wao wote, Alex Condon, Thomas Haugh, Micah Handlogten na Rueben Chinyelu, na watamjaribu Boozer kwa zamu. Zikibaki dakika tatu na tofauti haizidi kikapu kimoja, usimtazame mwenye mpira. Tazama Ngongba yuko uwanjani au benchi, na ni nani anaukimbilia mpira baada ya Florida kufunga.