Lengo Lako la Leo ni Lipi?

Jamani, mimi nimeendesha kipanya cha Mbagala–Kariakoo, ruti ambayo abiria anaingilia dirishani na kushuka na kiatu kimoja. Nimeteremka mlima Kitonga usiku na lori la mbao, breki zinanuka mpaka utingo anaanza kutubu dhambi zake kwa sauti. Nimepita Ubungo mataa enzi zile taa zinasema lake, trafiki anasema lake na konda wangu anasema lake, na nikapita. Leo uzee unabisha hodi, naambiwa na bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu wangu wa udereva hapa Milton Keynes, kwamba sijui kutazama kioo.

"Umetazama," aliniambia kwa upole, "lakini hukuona."

Mama, niliyoyaona mimi kwenye kioo cha kile kipanya ungeyaona wewe ungerudi kwenu kwa miguu.

Wa kulaumiwa ni shemeji yangu. Ndiye aliyenitia maneno kwamba mwalimu wa udereva huku Uingereza analipwa pauni 35 na zaidi kwa saa, amekaa, mkanda kafunga, kiyoyozi kinampuliza, wanafunzi wamepanga foleni. Mimi wakati huo nabeba maboksi ghalani usiku kucha, mgongo unalia kama springi za Hiace. Nikajiambia, kufundisha gari kitu gani? Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa masomo mawili. Somo la kwanza, kofi la kisogoni gia ilipolia. Somo la pili, Barabara ya Kilwa. Nikahitimu.

Kumbe huku ualimu wa gari una mitihani mitatu, na kabla hujaifikia kuna vijimambo vyake. Leseni ya Bongo inakubeba miezi 12 tu, baada ya hapo ni kumbukumbu, iweke kwenye albamu na picha za harusi. Wazimbabwe wanabadilishiwa yao, sisi tunaanza upya. Kwa hiyo nilishakaa chumba kimoja cha mtihani na watoto wa miaka 17 wenye chunusi, mmoja akaniuliza kama nimemleta binti yangu. Ukiipata hiyo leseni yao, kaa nayo miaka mitatu ndipo wakufikirie ualimu. Wanachungulia na faili lako la polisi. Hapo sikuwa na wasiwasi, maana makosa yangu yote ya Dar yalimalizwa palepale barabarani, hayakuwahi kufika kwenye faili lolote.

Mtihani wa kwanza ni wa kompyuta. Maswali 100, dakika 90, kisha zinakuja video 14 za barabarani. Kwenye video unatakiwa ubonyeze kitufe kila unapoona hatari inaanza kujitengeneza. Nikasema hapa ndipo nyumbani. Mtu wa Dar unamfundisha hatari? Mtoto mwenye mpira, hatari. Gari limepaki, hatari, mlango ukifunguka je? Mwendesha baiskeli, hatari mbili. Barabara tupu ndiyo mbaya kabisa, kwa nini iko tupu, wenzangu wamesikia nini? Nikabonyeza kama mtu anayekoboa karanga za biashara. Kompyuta ikaniandikia kwamba nimebonyeza kwa namna isiyokubalika, video hii sufuri. Ikaja nyingine. Sufuri.

Nikatoka najipa moyo kwa yale maswali 100. Pasi ni 85. Karatasi ya matokeo ikasema nimepata 89. Nikanyoosha shati. Dada wa mapokezi akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepanda basi la Tanga akidhani anakwenda Mbeya. Umefeli, akasema. Video pasi ni 57 katika 75, mimi nina 31, hilo sawa, nalikubali. Lakini kumbe na zile 89 nimefeli! Maswali yamegawanywa mafungu manne ya 25, na kila fungu lazima ufikishe 20. Mimi matatu nimefaulu kwa kishindo, lile la vitabu na mbinu za kufundishia nikapata 19. Shuleni kwetu ukipata 89 unapandishwa jukwaani unapewa madaftari na mche wa sabuni, wazazi wanalia. Huku unaonyeshwa mlango na kuambiwa kurudia ni pauni 81, na unarudia vyote viwili.

Mara ya pili nilipita. Kwenye video nilijifunza kunyamaza. Niliona ajali tatu zikijipanga nikasubiri zikomae kwanza.

Mtihani wa pili ni wa kuendesha, ndio ulionikutanisha na yule bibi, maana nilihitaji mtu wa kunisugua. Akakaa kushoto na kidaftari chake. Ndani ya nusu saa aliandika kurasa nne. Kwa mfano taa. Kwetu ukiwashiwa taa kubwa na anayekuja maana yake ni moja: mimi ndiye napita, wewe tafuta pa kujibanza. Huku mtu anakuwashia anamaanisha karibu, pita wewe. Wiki ya kwanza tulikuwa tunasimama wote wawili, mimi namkimbia, yeye ananikaribisha, mpaka nyuma wanapata nywele nyeupe. Ama honi! Kitabu chao cha sheria za barabarani kinakataza honi mjini kuanzia saa tano na nusu usiku mpaka saa moja asubuhi. Sasa mtu ananunua gari zima halafu honi anakopeshwa kwa zamu? Kutanua, kuipita foleni kwa pembeni, hakuna. Kuchomekea, kujipenyeza mbele ya mwenzako, hakuna. Nilichomekea mara moja tu, kidogo, kwa adabu. Bibi alifunga daftari akatazama nje dirishani muda mrefu, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Na mji wenyewe huu! Kipilefti, ile mizunguko ya njia panda, zaidi ya 100. Barabara zake zinaitwa H na V, H za kulala na V za kusimama, unaendesha kama umo ndani ya daftari la hesabu, na kila H inapokutana na V wamepanda kipilefti. Nikilalamika, bibi ananitishia kunipeleka Swindon. Huko kuna kipilefti cha tangu 1972, duara kubwa lenye vipilefti vidogo vitano pembeni yake, na kule katikati magari yanazunguka kinyume. Sijui aliyekichora alikuwa amegombana na nani siku hiyo.

Siku ya mtihani ukaanza na macho: soma namba ya gari lililo mita 26.5. Si 26, si 27, ile nusu ndiyo inayokutambulisha kuwa uko ugenini. Nikasoma. Nikaendesha karibu saa nzima kama nimebeba mayai ya mama mkwe. Unaruhusiwa makosa madogo sita. Nilipata saba, na la saba ndilo linaloniuma mpaka leo. Nimefika kwenye kipilefti, bibi ameshanijaza woga wa kuchomekea, nikasubiri upande wa kulia uwe mweupe kabisa. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mtahini akaandika: amesita kupita kiasi. Mimi! Ruti ya Mbagala! Nimefeli kwa uungwana, tena kwa pauni 111.

Nilirudia nikapita, tusipoteze muda. Hayo yote ni mchicha. Ugali wenyewe ni mtihani wa tatu.

Kwenye huo wewe unamfundisha mwanafunzi wa kweli, mtahini amekaa siti ya nyuma anaandika. Vipengele 17, kila kimoja sufuri mpaka 3, jumla 51. Ukipata 31 umepita, ukifika 43 unaitwa daraja A. Na kwenye fungu la usalama usipofikisha 8, hata kwingine uvune shamba lote, umeanguka. Nafasi unazo tatu tu. Ukizimaliza, unangoja mpaka itimie miaka miwili tangu ulipofaulu ule mtihani wa kwanza, halafu unaanzia kwenye karanga.

Bibi akaniketisha. "Kazi yako si kumwambia mwanafunzi," akasema. "Kazi yako ni kumuuliza."

Nimuulize nini, mwalimu si mimi?

"Muulize lengo lake la leo. Muulize anajisikiaje, kwa kipimo cha moja hadi kumi. Akikosea, muulize yeye anadhani kimetokea nini."

Nikamkumbuka mzee wangu wa Barabara ya Kilwa. Gia imelia, badala ya kofi ananigeukia taratibu: mwanangu, kwa kipimo cha moja hadi kumi, unajisikiaje? Ningefungua mlango nikimbie, nijue huyu leo hakuamka salama.

Sasa mwanafunzi natoa wapi? Sheria inasema kama hujasajiliwa, marufuku kupokea hata senti kwa kufundisha. Kuna kibali cha mwanagenzi, kibandiko cha pinki chenye pembe tatu, miezi sita kwa pauni 140. Ukifaulu yote unalipa pauni 300 nyingine upewe kile cha kijani cha pembe nane. Yaani pembe unazinunua kidogokidogo. Nikapiga hesabu nikasema hiyo pinki mnisamehe, nitafundisha bure mtu wa nyumbani. Na ndani kwangu yupo mmoja, ana leseni ya muda, na kwa miaka 18 ya ndoa hajawahi kunilipa kitu. Sheria imetimia.

Nikabandika vibao vya L vya mwanafunzi, tukakaa kwenye gari.

"Mke wangu, lengo lako la leo ni lipi?"

"Nifike dukani kabla bamia hazijaisha."

"Hilo si lengo la kujifunza."

"Basi ulikuwa unaniuliza la nini?"

Tukaondoka. Gari la bibi lina breki na klachi upande wa mwalimu pia. Langu upande wangu lina dua na hendibreki. Tukaingia kipilefti cha kwanza, gari jekundu likatupigia honi ndefu.

"Unadhani kimetokea nini pale?" nikauliza, jasho linanitoka.

"Hakufunzwa adabu kwao."

"Na unadhani kwa nini amepiga honi?"

"Mfuate ukamuulize. Si ndiyo kazi yako siku hizi, kuuliza?"

"Kwa kipimo cha moja hadi kumi, unajisikiaje?"

"Kuhusu gari au kuhusu wewe?"

Tuliendelea hivyo miezi minne. Bamia tulikula mpaka watoto wakaandamana.

Siku ya mtihani mke wangu alinishangaza. Mtahini alipopanda nyuma na shati lake lililonyooka, alianza kunijibu kwa upole ambao sijausikia tangu uchumba. Lengo langu leo ni kupanga mapema njia yangu kwenye kipilefti, akasema. Nikakaribia kulia. Nikauliza maswali, akajibu, mtahini anaandika, naona kabisa 43 inanikonyeza. Halafu tukafika kipilefti kimoja kikubwa. Kulia kukawa kweupe. Mke wangu katulia. Kweupe tena. Katulia, ananiangalia anasubiri swali. Nyuma yetu foleni imefika kwenye V nyingine. Swali halikuja. Kilichokuja ni miaka yangu yote ya Mbagala kwa pamoja: nikagonga dashibodi paa paa, nikapiga kelele kama konda anamwamuru dereva, "Suka, weka! Twendeee!"

Akaweka. Tena vizuri, gia ya pili laini kabisa. Nasisitiza hilo kwa sababu kwenye karatasi halikuandikwa.

Tulipopaki, mtahini aliniuliza kwa heshima, hilo neno "suka" ni mbinu gani ya ufundishaji. Nikasema ni ya asili. Akanipa 30. Narudia kwa walio nyuma: thelathini, pasi thelathini na moja.

Wiki mbili baadaye mke wangu alikwenda kwenye mtihani wake mwenyewe. Yeye anaruhusiwa makosa madogo 15. Akapata matatu, mara ya kwanza, akarudi nyumbani ameng'oa vibao vya L kavitia kwenye mfuko wa bamia. Majirani wakampongeza, wakamuuliza nani kakufundisha. Akasema, yupo mtu mmoja, lakini bado hajafaulu.

Nafasi mbili ninazo bado. Kisheria anaweza kurudi kuwa mwanafunzi wangu hata sasa akiwa na leseni kamili, ila safari hii anadai posho. Kwa sasa funguo anashika yeye. Jumamosi tulikuwa tunaingia kipilefti mwendo ambao mimi sikuupanga, mguu wangu wa kulia ukazama kwenye kapeti, pale ambapo kwenye gari la bibi kuna breki.

"Baba watoto," akasema bila kugeuka, mkono mmoja kwenye usukani, "huo mguu unakanyaga nini?"

Nikanyamaza.

"Kwa kipimo cha moja hadi kumi, unajisikiaje?"

Nikamwambia nane. Ilikuwa mbili.