Marehemu Asiyetaka Kupatikana

Mtu aliye hai akikukimbia, iko siku atajisahau apokee simu. Babu wa babu yako, unayemtafuta kwenye karatasi za zamani ili uandike ukoo, hapokei. Amekufa, amezikwa, ameacha vilembwe wanaogombania hata jina lake, na bado anawachenga kama mdaiwa sugu. Daftari hili anaitwa seremala, lile mkulima. Sensa moja ana miaka 28. Sensa inayofuata, miaka 10 baadaye, ana 35. Mkewe ndiyo usiseme, yeye kila sensa anazeeka kwa hiari yake.

Na watu wanavyopenda kuanzia juu! Wamesikia zamani kulikuwa na jemadari mwenye jina la ukoo wao, basi wanamkamata huyo na kumburuta kizazi kwa kizazi hadi wamfikishe sebuleni. Koo hizo hazijawahi kuwa na mwizi wa mbuzi hata mmoja, wote majemadari. Jamani, unaanza na wewe mwenyewe, namba 1. Baba ni 2, mama ni 3. Namba ya mtu yeyote ukiizidisha mara 2 unampata baba yake. Ongeza 1, ndiye mama yake. Babu mzaa baba ni 4, na mkaidi wetu huyu, babu wa babu upande wa kuumeni, ni 16. Humgusi 16 kabla hujamfunga 8 kwa karatasi. Ukiruka utapata babu mzuri kabisa, mwenye mashamba na heshima zake, ila ni wa watu wengine.

Haya, umepata cheti cha kifo. Kinaaminika kwa siku ya kufa na mahali pa kufia, basi. Umri, alikozaliwa, majina ya wazazi, hayo yote aliyasema mtoa taarifa, na mtoa taarifa mara nyingi ni mkwe aliyekuwa na haraka ya mazishi. Marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa anajua, hakuulizwa. Kwa hiyo soma kwanza jina la aliyetoa taarifa, ndipo uamue umwamini kiasi gani. Jiwe la kaburi nalo likisema amefariki 14 Machi 1888 akiwa na miaka 62, miezi 5 na siku 20, usishangilie. Toa miaka, halafu miezi, halafu siku, utapata 24 Septemba 1825. Hiyo iandike kwa penseli. Ni ya kutafutia, kwa sababu mchonga jiwe aliambiwa na mkwe yuleyule.

Tuje kwenye sensa, maana hapo ndipo presha inapopanda. Mwaka 1841 huko Uingereza makarani waliagizwa kwamba aliyepita miaka 15, umri wake ushushwe hadi namba inayogawanyika kwa 5. Mwenye 29 akaandikwa 25, mwenye 34 akaandikwa 30. Yaani serikali imempunguzia mtu miaka 4 na hakuomba! Ingekuwa wote wametii ungejua pa kusahihisha, lakini wapo makarani waliopuuza wakaandika umri kamili, kwa hiyo hata uongo wenyewe hauna utaratibu. Tena mwaka huo hawakuandika nani ni nani wa nani. Unaona mwanamume, mwanamke na watoto 5 chini ya paa moja, unasema familia hiyo nimeipata. Kumbe mwanamke ni dada yake na watoto wawili ni wa jirani. Uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, pamoja na parokia aliyozaliwa, vilianza kuandikwa 1851. Basi ukimtaka mtu wa 1841, mkamate kwanza 1851 ndipo urudi naye nyuma.

Majina? Karani aliandika alichosikia, na mwenye jina huenda hakujua kusoma amsahihishe. Kuna mfumo unaitwa Soundex, wa kuweka pamoja majina yanayotamkwa karibu sawa, uliopewa hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani 1918. Unaibakiza herufi ya kwanza, unatupa irabu pamoja na h, w na y, konsonanti zinazobaki zinageuka tarakimu tatu, na zikipungua unajaza sifuri. Smith na Smyth wote wanakuwa S530, hapo safi. Lakini ole wako kosa likiwa mwanzoni. Knight ni K523. Karani akiisahau ile K isiyotamkwa, Night anakuwa N230, na mashine inaapa kwamba hawa wawili hawajawahi hata kusalimiana. Ukifika hapo achana na jina la ukoo. Weka jina la kwanza, umri wa kuongeza na kupunguza miaka 5, na kijiji. Au mtafute mtoto wake mwenye jina la ajabu: kina John wamejaa kila ukurasa, lakini Zerubabeli utampata akiwa peke yake, na baba yake yuko mstari wa juu. Ukitafuta kwa kompyuta, mara nyingi nyota (*) inasimama badala ya herufi zozote, alama ya kuuliza (?) badala ya herufi moja. Halafu, tafadhali, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Aliyeandaa faharasa, ile orodha ya majina unayotafutia, alisoma L akaandika S, akaona s ndefu ya zamani akaandika f, akaenda zake kula.

Kalenda nazo zimevunja heshima za watu. England, hadi 1751, mwaka ulikuwa unaanza 25 Machi. Sasa unakuta ndoa Aprili 1720, ubatizo wa mtoto wa kwanza 10 Februari 1720, na ukoo mzima unainamisha vichwa kwa aibu. Ala! Februari hiyo ilikuja baada ya Aprili. Kwa hesabu ya leo ni 1721, mtoto kafika miezi 10 baada ya harusi, adabu tupu. Andika 1720/21 usizushe fitina. Wala usihangaike na babu wa huko anayedaiwa kuzaliwa 5 Septemba 1752. Mwezi huo kalenda ilibadilishwa, watu walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14.

Kuna mahali pengine hukosei chochote na bado humpati. Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibiwa na moto wa 1921, na hata mabaki yake, karibu yote, baadaye yakateketezwa. Ireland, moto wa Dublin wa 1922 ulikula karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Za 1861 na 1871 hazikusubiri moto, serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Ukikuta pengo kama hilo, liandike: daftari gani, miaka gani, umeangalia lini, hakuna kitu. Usipoandika, mwakani utarudi palepale kwa bidii ileile. Kisha wafuate waliomzunguka, yaani mashahidi wa ndoa, wadhamini wa ubatizo, jirani wa mlango wa pili. Mtu hakuchukua shahidi barabarani. Alimchukua shemeji, na karatasi za shemeji huyo zinaweza kuwa hazikuungua.

Halafu atatokea mjomba na Biblia ya ukoo, majina yote yameandikwa ndani tangu 1825, na kukuuliza ulikuwa unahangaikia nini. Pokea kwa mikono miwili, ushukuru, ufungue ukurasa wa mbele uangalie ilichapwa mwaka gani. Ikiwa imechapwa 1870, na vizazi vyote tangu 1825 vimeandikwa kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, basi kuna mtu alikaa siku moja akayaandika yote kwa kumbukumbu au kwa kunakili. Jaribu tu kumweleza mjomba hivyo mbele ya watu. Kesho yake mtaa mzima utajua kwamba wewe huiamini Biblia.